Kaseti ya Kimeu Kutoka Alaska

Hebu sema, wewe ungeuza hadi kitanda chako kwa sababu ya sauti tu? Rafiki yangu Kamene wa mtaa wa Tassia, hapa Nairobi, nusura auze. Mumewe Kimeu, dereva, alikuwa amepelekwa na ajenti fulani kuendesha lori kwa kambi ya jeshi Alaska, karibu na mji mkubwa. Sisi wa digrii tunatarmac kutafuta kazi, yeye akapata job. Fine.

Jumamosi mchana Kamene akaenda Donholm, ofisini kwa yule ajenti.

"Madam, mzee amerekodi salamu. Kaseti ilifika wiki jana. Pack vitu, utuletee nauli, umfuate na mtoto."

Jioni stima ikapotea. Kamene akatia redio betri, akakaa gizani amempakata bintiye, Wayua. Kaseti ikakwaruza, upepo ukavuma ndani yake, kisha Kimeu akaongea polepole, kama mtu anayesomeshwa maneno: "Mama Wayua, huku theluji imefika magotini. Uza kila kitu. Mje."

"Baba anaongea kama amefinywa!" Wayua akacheka.

Kamene hakucheka. Akairudisha kaseti nyuma, akabandika sikio kwa spika. Nyuma ya upepo alisikia bomba likidondosha maji, ndoo ikiburutwa sakafuni, halafu mwanamke akifoka: "Wayua, toka kwa hayo maji, nitakuchapa!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Maneno hayo aliyasema asubuhi ile ile ya Jumamosi, nje ya mlango wao, na kaseti eti ilifika wiki jana! Basi Kimeu alirekodiwa hapo hapo karibu, si Alaska.

Sasa nyinyi wa ile ofisi ya Donholm, wacheni kizungu mingi. Mtoeni Kimeu pale mmemweka, asimame mbele ya mke wake, mchana, tumwone!