Pumzi Kabla ya Noti ya Juu

"Mteja anataka Smetana Jumapili hii," Kanali alisema kwenye simu.

"Ya zamani au mpya?"

"Hilo utatuambia wewe. Meli imeonekana."

Simu ikakatwa.

Ansoifa aliurudisha mkono wa simu mahali pake, akatoka ndani ya posta ya Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, na kupokewa na jua la mchana. Mkobani alikuwa na bastola ya Walther PPK, kitambaa cha kufutia santuri, na mashine ndogo ya kurekodi aina ya Uher. Fazul, msaidizi wake, alikuwa akimngojea ndani ya Renault 4, mikono yake minene imeulalia usukani.

"Leo?"

"Leo."

Gari likaondoka.

Walikuwa wanakwenda kwa Otakar Vrba. Mcheki huyu aliukimbia mji wa Brno akiwa kijana, akapigana vita vya kukodiwa nusu ya dunia, kisha akatulia Nosy Be akikamua mafuta ya maua ya ilang-ilang. Mikono yake ilinukia maua. Kila Jumapili alasiri alirusha muziki wa kwao kwa redio ya masafa mafupi, na wakusanyaji wa santuri kutoka Reunion hadi Mombasa wakamsikiliza. Walimwandikia barua za kugombana kuhusu Dvořák gani ni bora na Janáček gani ni takataka. Watu wapole. Madaktari wa meno, mapadri, wajane.

Na nahodha mmoja.

Meli yake ilibeba Kalashnikov, nayo ilikuwa ikizurura nje ya mlango wa mto Betsiboka. Bunduki zilikuwa za kupelekwa mji wa Mahajanga. Kulikuwa na wageni, wazungu, walioitamani bandari ile, na walikuwa wamepiga hesabu yao sawasawa: wape silaha Wakomoro wenye kidonda cha mauaji ya Desemba ya sabini na sita, mji uwake mara ya pili, halafu wao waingie kama wazima moto. Nani angewatoa tena?

Nahodha alingoja amri. Amri haikuwa na maneno. Ilikuwa kwenye santuri: kwarteti moja ya Smetana, ya vyombo vinne vya nyuzi, iliyorekodiwa mara mbili. Rekodi moja ilisema njoo. Nyingine ilisema rudi. Mtu wao mmoja alikamatwa Mayotte, akatapika siri hadi hapo, kisha akafa mikononi mwa waliokuwa wakimtapisha.

Ipi ni ipi? Hakuwahi kusema.

Kwa hiyo Idara ya Sita ya usalama, iliyotaka kuivuta meli mtegoni, ilimtuma Ansoifa. Alikuwa amesomea ufundi wa redio Prague, akaitumia nusu ya posho yake ya mwanafunzi kununua santuri kuukuu. Kwa miezi mitatu alikuwa akienda kwa Vrba kila Jumapili kwa jina la Mademoiselle Saïda, akinywa chai yake, akibishana naye kwa Kicheki. Uher ilikuwa ikizunguka mkobani.

Jambo baya ni kwamba aliyapenda yale mabishano.

Vrba alifungua mlango mwenyewe, miwani kwenye paji la uso.

"Saïda! Umewahi. Nimeondoa ukungu kwenye santuri ya Suk, njoo uone..."

Fazul alimpiga ngumi ya tumbo.

Walimfunga kwenye kiti cha mwanzi, mbele ya rafu zake. Chumba kilikuwa na ubaridi. Sahani za mkaa zilipangwa chini ili zinyonye unyevu, na katikati, juu ya jiwe, ilikaa mashine ya santuri ya Thorens. Kando yake kulikuwa na kipaza sauti na mtambo wa kurushia.

"Njoo ni ipi?" Ansoifa aliuliza.

Vrba alicheka.

"Kumbe. Na mimi niliyekusifu kwa masikio yako."

Fazul alifanya kazi yake. Aliifanya kwa utaratibu, bila chuki, kama mtu anayepasua kuni. Vrba alitema jino, akatema la pili. Alikuwa amepigwa na watu wenye ujuzi zaidi, katika nchi mbaya zaidi.

"Mwambie huyu ng'ombe apumzike," alisema kwa Kicheki. "Atajiumiza vidole."

"Mwache," Ansoifa alisema.

Alikwenda kwenye rafu. Akachagua Dvořák mmoja, simfonia, lebo ya Supraphon, jalada limenyooka kama jipya. Akaitoa santuri kwa vidole viwili, akishika pembeni tu, jinsi Vrba alivyomfundisha. Akaiweka mezani. Akachukua msumari kutoka mfukoni.

Akauvuta kutoka ukingoni hadi katikati.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Vrba alifumba macho.

"Njoo ni ipi?"



Janáček. Msumari.

"Mshenzi," Vrba alinong'ona.

Dvořák mwingine. Msumari. Kisha ikaja zamu ya Suk, ile aliyokuwa ameifuta ukungu asubuhi hiyo kwa pamba na subira. Ansoifa hakutumia msumari. Aliilaza gotini, akaikunja polepole hadi ikalia na kukatika.

Hapo mzee alilia. Alilia kwa sauti, makamasi na damu vikachanganyika kidevuni, mwili wote ukitikisa kiti. Fazul aligeuza uso dirishani. Meno hayakumsumbua, lakini hili lilimsumbua.

"Mpya!" Vrba alipiga kelele. "Ile mpya! Mpya ndiyo njoo! Acha, kwa jina la Mungu, acha!"

Ansoifa alizitoa zote mbili.

Ya zamani ilikuwa ya Kwarteti ya Hradil, mwaka hamsini na mbili, mono. Ilitatarika kama mafuta ya kukaangia. Lakini katika sehemu ya mwisho fidla ya kwanza hushika noti moja ya juu, ndefu, nyembamba, noti ambayo Smetana aliiandika kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimlilia sikioni alipokuwa anazibwa na uziwi. Na kabla ya noti hiyo, mpiga fidla wa Hradil alisikika akivuta pumzi. Wakusanyaji waliipenda rekodi ile kwa ajili ya pumzi ile. Ile mpya, ya Kwarteti ya Lípa, ilikuwa ya stereo, safi, kila chombo mahali pake. Hakuna aliyevuta pumzi. Jumapili baada ya Jumapili Vrba alikuwa amesema kwamba nyumba ikishika moto atatoka na Hradil peke yake, suruali atairudia baadaye.

"Basi hii ya zamani haina kazi," Ansoifa alisema.

Akaweka ncha ya msumari kwenye ukingo wa Hradil.

Akangoja.

Vrba alikuwa akihema. Aliutazama msumari. Midomo yake ilikuwa wazi. Hakusema kitu. Hakuomba. Mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu mwanzo, yalishuka kidogo sana, kama ya mtu aliyefika.

Ansoifa aliuondoa msumari.

"Umelia kwa ajili ya Suk," alisema. "Kwa Hradil umenyamaza. Ulitaka niivunje, ili njoo isiweze kuchezwa tena."

Uso wa Vrba ulizeeka hapo hapo.

"Ya zamani," Ansoifa alimwambia Fazul. "Washa mtambo."

Saa ya matangazo ilikuwa imekaribia. Ansoifa aliiunganisha Uher na mtambo, akatafuta kwenye utepe salamu za Vrba za Jumapili iliyopita. Mzee alimtazama akifanya hivyo. Alipozungumza tena, aliacha Kicheki, akatumia Kifaransa, polepole, ili na Fazul aelewe.

"Wewe ni Mkomoro wa Mahajanga. Lafudhi yako niliijua toka siku ya kwanza. Unataka kujua nani ataipokea meli? Si wazungu. Wazungu wako hotelini. Boti inatoka Boanamary, na mshika usukani ni kijana wa mtaa wa Tanambao. Boinali. Aliwazika watu wake kwa mikono yake miwili. Anaamini bunduki hizi ni haki yao."

Mkono wa Ansoifa ulisimama juu ya utepe.

Boinali alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Walilelewa nyumba moja, wakala sahani moja. Desemba ile, Ansoifa akiwa Prague akijifunza mambo ya antena, Boinali ndiye aliyeuondoa mwili wa mama yake Ansoifa kwenye majivu, akauosha, akautia kaburini.

"Ah," Vrba alisema. "Unamjua."

Fazul aliuona uso wake. "Bibi? Tuwaulize wakubwa kwanza?"

Santuri zote mbili zilikuwa mezani. Lípa, na meli ingegeuka, na Boinali angekwenda kulala akiwa mzima. Halafu bunduki zingekuja siku nyingine, kwa ishara nyingine, na Tanambao ingeungua tena, na safari hii ni nani angeosha maiti?

Akabonyeza kitufe. Sauti ya Vrba, changamfu, yenye meno yote, ikawakaribisha wasikilizaji wapendwa wa visiwani na pwani.

Ansoifa akaweka sindano juu ya Hradil.

Walisikiliza watatu, hadi mwisho. Pumzi ilipovutwa, Vrba na Ansoifa waliinua vichwa kwa pamoja.

Noti ya juu ikalia.

Redio ya Fazul ilikoroma. "Meli imewasha injini. Inaingia."

"Nimepokea," Fazul alijibu.

Vrba alimwomba Ansoifa kitu kimoja tu. "Umeshaitumia. Iache. Hata kama ni kwa ajili yako mwenyewe, ichukue uende nayo."

Ishara haiachwi hai. Ansoifa aliishika santuri pembeni, kwa vidole viwili, akaivunja gotini. Kisha akatoka kwenda kuosha mikono, kwa sababu ilikuwa imeanza kunukia maua.

Asubuhi iliyofuata ndege ya Twin Otter ilimshusha Mahajanga. Kanali alimpokea uwanjani, amenyoa vizuri.

"Meli tunayo. Boti ya Boanamary imezama. Watu saba."

"Wote?"

"Mmoja yuko ghala la bandarini. Risasi ya tumbo. Tunajua shehena ya kwanza ilishuka mwezi jana, ila hatujui ilipo. Hasemi."

"Atasema," Ansoifa alisema.

Boinali alikuwa amelazwa juu ya magunia matupu ya korosho. Alikuwa amekonda. Alipomwona, macho yake yalijaa furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukaa ndani ya ghala lile.

"Dada," alisema kwa Kikomoro. "Nani kakwambia? Umekuja kunitoa."

Ansoifa alipiga magoti, akamshika mkono.

"Nimekuja."

"Wametusaliti. Redio ilisema njoo."

"Nyamaza. Utachoka." Akampangusa jasho. "Boinali, bunduki za kwanza ziko wapi? Nikijua kabla yao nitakuwa na kitu cha kubadilishana. Nitakutoa."

Hakufikiri hata kidogo. Huyu alikuwa dada yake.

"Antsanitia. Banda la kukaushia samaki, chini ya mchanga."

"Upande gani?"

"Wa makaburi." Akameza mate, hayakuwapo. "Dada, kiu."

Ansoifa aliuachia mkono, akasimama, akatoa redio.

"Antsanitia. Banda la samaki, upande wa makaburi. Chimbeni."

"Nimepokea," sauti ilijibu.

Boinali alikielewa Kifaransa chake. Alimtazama kutoka chini. Furaha ile ilikuwa bado usoni, imesahauliwa hapo, wakati macho yalishajua.

"Ulikuwa wapi jana?" aliuliza.

"Nosy Be."

"Kwenye redio."

"Kwenye redio."

Aligeuza kichwa chake kuelekea ukutani. Hakumtukana. Mama yao aliwalea vizuri.

Mlangoni askari alimsimamisha. "Anaomba maji, bibi. Daktari kasema mtu wa risasi ya tumbo akinywa anakufa."

Ansoifa alivaa miwani ya jua.

"Mpeni maji," alisema.

Nje jua lilikuwa limeshika bandari yote. Aliita puspusi, kigari cha kuvutwa na mtu, akapanda, akaweka mkoba magotini. Mvutaji aliuliza wanakwenda wapi.

"Penye kahawa," alisema. "Usikimbie. Sina haraka."