Jani la Sidonie

Weka mkono kifuani uape: haya hayatoki nje ya mlango huu. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyohivyo mbele ya mpishi wa nyumba yenyewe, tena kwa jina la Bikira, na ulimi wenyewe huo unaniwasha.

Ilianzia mezani, hapahapa Le Puy, mji wetu wa wafuma lesi, kwa Daktari Anselme Vissac, mpasuaji. Mkewe, Honorine, alikuwa akimega mkate alipouona mkono wa kulia wa mumewe ukichomoa nyuzi za kitambaa cha meza, ukizisokota na kuzipishanisha, na mwenyewe anapiga soga tu, dengu mdomoni.

"Anselme, unafanya nini?"

Akatazama chini. Rangi ikamtoka. "Sifanyi kitu, mke wangu."

Kisha ikaja sauti: tk, tk, tk, vijiti vya kufumia lesi vikigongana, na mle ndani hafumi mtu. Ikafuata harufu ya ile pombe kali ya kuhifadhia viungo vya maiti, kwenye mito ya kitandani, hata kwenye maziwa ya kunywa.

Honorine alijua ni nani. Sidonie, mfuma lesi, alikufa kwa homa hospitalini. Mama yake, Pélagie, alipiga magoti: "Nirudishieni mwanangu mzima." Daktari akamwapia. Lakini alipoipasua maiti, kiganjani mwa binti yule aliona mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, ambao hakuna kitabu kilichoutaja. Akaukata mkono akautia kwenye chupa, na jeneza likafungwa juu ya glavu iliyojazwa pumba.

"Urudishe," Honorine alimnong'oneza. "Nakuomba."

"Mshipa ule utaitwa kwa jina langu! Nikauzike?"

Padri aliitwa kisirisiri. Mkono wa kulia wa daktari ukampokonya rozari yake ukaanza kuisuka. Maskini, alitoka mbio akasahau kofia.

Ikafika siku ya kuonyesha ugunduzi, ukumbi wa hospitali umefurika, madaktari wa Lyon mbele, meya na tumbo lake, na nyuma kabisa Pélagie katika nguo zake za msiba.

"Mkono huu," Anselme alisema akiigusa chupa, "ni wa ombaomba asiye na ndugu."

Tk, tk, tk. Ukumbi mzima ulisikia. Na mkono wake wa kulia ukaichukua hariri ya kushonea vidonda, ukafuma, yeye akiubana kwa wa kushoto, jasho likimtiririka, akiunong'oneza uache, jamani uache, nao haukuacha mpaka juu ya meza likatokea jani la lesi, ncha yake imepinda kidogo kushoto.

"Jani hilo ni la Sidonie!" Pélagie akapiga ukelele. "Mwingine haipindi ncha hivyo!"

"Mama, kaa chini," meya akasema.

"Sikai! Nilizika nini mimi?"

Mkono wa daktari ulikuwa umeshakifungua kifuniko na kuzama ndani ya chupa, na mle ndani, mbele ya macho ya wote, vidole vile vyeupe vikafunguka taratibu, vikafumba juu ya vyake.

"Honorine! Nitoe!"

Honorine akavuta. Madaktari wakavuta, meya akavuta, chupa ikapasuka, pombe ikawalowesha viatu, vidole havikulegea.

Pélagie alishuka ngazi za ukumbi polepole mpaka mezani.

"Mwacheni," akasema. "Mwanangu ameshamkamata."