Fowili ya Mdomo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliokota mayai. Chiriku lilikuwa jina la nyumbani, kwa sababu tangu ajifunze kusema, hakuwahi kujifunza kunyamaza. Aliingia bandani na ndoo, akawasalimu kuku, akawasimulia yote yaliyotokea darasani jana, kisha akayafuta mayai kwa kitambaa na kuyapanga kwenye trei. Kuku walimsikiliza. Hawakuwa na pa kwenda.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Baba. Alizifunga trei nyuma ya baiskeli kwa mipira, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akaanza kukiteremka kilima kilichotenganisha nyumba yao na barabara kuu. Kilikuwa kilima kifupi, lakini mawe yake yalikaa kama meno ya bibi kizee, moja hapa na jingine kule. Kila jiwe lilidai yai lake. Mayai yaliyopasuka yalirudi nyumbani, yakaliwa ya kukaanga asubuhi na ya kuvuruga mchana. Jioni Mama aliyapa jina jingine, lakini yalikuwa yaleyale.

Mteja wao mkubwa, mwoka mikate wa mjini, alichoka. "Kuvunja mayai ni kazi yangu mimi," alimwambia Baba. "Wewe niletee mazima. Yasipofika mazima hadi mwisho wa mwezi, nitatafuta mfugaji mwingine."

Basi ikabidi wanunue pikapu. Akiba ya miaka yote ilitosha gari moja tu, tena lililotumika. Wakikosea, hapakuwa na akiba nyingine ya kurekebishia kosa.

Palikuwa na pikapu mbili sokoni. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya kawaida, yaani injini yake iliyasukuma magurudumu ya nyuma tu. Rangi ilikuwa imefifia, lakini mwenyewe aliitunza vizuri. Ya pili ilikuwa nyekundu, ndefu, imeinuka kama jogoo anayetaka kuwika. Hiyo ilikuwa fowili, gari ambalo magurudumu yote manne husukumwa na injini pale dereva anapovuta giya ndogo kando ya ile kubwa. Ilikuwa kuukuu kuliko nyeupe, ila bei zao zililingana.

Baba aliipenda nyekundu kabla hata hajaifungua mlango. "Hiyo inapita mtoni," alisema.

"Mto gani?" Mama aliuliza. "Tunapeleka mayai mjini, baba Chiriku. Hatuendi vitani."

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa fundi wa magari, na sauti yake ilishinda honi. Alikuja jioni hiyo na mikono yenye grisi, akakaa, akasukuma pembeni sahani ya mayai.

"Kaka, uliza njia kwanza, gari baadaye," alisema. "Barabara yenu ni ngumu na kavu mpaka mjini. Fowili inakunywa mafuta zaidi, na ina vyuma vingi zaidi vya kuharibika. Mtu anayeishi kwenye matope au mchangani aichukue, nitamshangilia. Wewe matope yako yako wapi?"

"Kilimani," Baba alisema, "mvua ikinyesha."

"Basi Jumamosi tujaribu kilima. Nyeupe ikipanda na mzigo, tunaichukua. Ikikwama, chukua jogoo wako."

"Nimekubali, dada," Baba alisema.

Chiriku alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Mchana huohuo alikuwa ameitangazia shule nzima kwamba wao wananunua fowili. Kiroboto, msichana wa darasa lake, mdogo wa umbo na mkubwa wa ubishi, alikataa kuamini.

"Nyie mnaonunua misumari ya kuhesabu?" alimwuliza. "Ikija fowili, nitakubebea mkoba mpaka tufunge shule. Isipokuja, utanibebea wewe."

"Anza kunyoosha mabega," Chiriku alimjibu.

Sasa kilima kilikuwa kikavu kama mkate uliosahauliwa, na gari lolote lingepanda. Chiriku aliwaza hadi Jumamosi ilipofika. Alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, aliburuta mpira wa maji kutoka kwenye tangi la kuku, akafungua koki. Maji yaliteremka kilimani yakicheka. Pale katikati, penye udongo mwekundu, aliyaacha yatuame, akaukanyaga udongo mpaka ukawa laini na wenye utelezi kama sabuni iliyolowa. Alipotaka kutoka, mguu ulitoka lakini kandambili ilibaki. Aliitafuta kwa mkono bila kuiona. Ndani ya nyumba mtu alikohoa. Chiriku akakimbia.

"Mbona umevaa viatu vya shule Jumamosi?" Mama alimwuliza baadaye.

"Navizoesha, Mama."

"Umevivaa mwaka mzima."

"Ndiyo. Bado havijazoea."

Saa ya majaribio, Shangazi alifika chini ya kilima akiendesha ile nyeupe, nyuma amepakia magunia ya chakula cha kuku. "Hii ndiyo kazi yake," alisema. "Haiwezi kujaribiwa kwa kazi ya gari lingine." Alipoona matope alikunja uso, akatazama mbingu, akayatazama tena matope.

Dalali wa ile nyekundu naye alifika, amevaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Kiroboto alikuwa amekwisha kukaa juu ya uzio, kama hakimu.

"Mzee, nipishe mimi kwanza," dalali alimwambia Baba. "Usipoteze muda wako. Hii inapanda hata ukuta."

Chiriku hakuwa amepanga hivyo, lakini alifurahi. Jogoo atapanda, nyeupe itakwama, mambo yatakwisha.

Nyekundu ilinguruma, ikaruka mbele, ikaingia matopeni. Ikasimama. Dalali alivuta giya ndogo, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kama mashine ya kusaga. Ya mbele yalitulia kimya, kama wageni wanaosubiri chai.

"Sukuma kidogo, mzee," dalali aliita dirishani.

Baba akaenda nyuma kusukuma. Mama alifungua mdomo kumwonya, lakini matope yalimwahi. Moshi ulipotulia, pale alipokuwa Baba palikuwa na sanamu ya udongo yenye macho mawili.

"Dada," sanamu ilisema, "hebu njoo uangalie."

Shangazi alilala chini kwenye nyasi, akachungulia tumbo la gari. Alikaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa akitikisa kichwa.

"Ndugu yangu," alimwambia dalali, "lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu magurudumu ya mbele, propela yake, iko wapi?"

"Gari linahitaji kupata moto kwanza, dada."

"Hata ukilichemsha. Propela ya mbele imefunguliwa na kuondolewa. Hiyo giya ndogo unaivuta kama pambo. Hii ni fowili ya mdomo."

Dalali alisema alinunua hivyohivyo, kisha akasema ni kosa la fundi wake, kisha akakumbuka kwamba anasubiriwa mahali. Waliisukuma nyekundu irudi nyuma mpaka chini. Dalali akaondoka, viatu vyake si vyeupe tena.

Ikawa zamu ya nyeupe. Shangazi aliyasogeza magunia yakae juu kabisa ya magurudumu ya nyuma. "Uzito ukikaa hapa, matairi yanashika," alisema. Akaweka giya ya kwanza, akapanda polepole, mguu ukiwa mwepesi kama anakanyaga mayai. Pikapu iliteleza upande, ikasitasita, ikang'ata udongo, ikapanda. Kuku walilia bandani kana kwamba wameelewa.

Furaha ilipotulia, Mama aliuliza taratibu, "Mvua imenyesha lini hapa?"

Wote walitazama juu. Mbingu haikuwa na wingu hata la dawa. Walitazama chini. Kutoka matopeni, mfereji mdogo ulipanda kilima moja kwa moja mpaka kwenye tangi la kuku. Baba aliinama pale tairi lilipochimbua udongo, akavuta kitu, akakipangusa kwa kidole. Kandambili ya rangi ya waridi.

"Hiyo ni ya Chiriku," Kiroboto alisema kutoka juu ya uzio. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Baba alimtazama binti yake, kisha akaanza kucheka. "Mwanangu, kumbe ni wewe? Bila matope yako ningenunua pambo. Ulimshuku yule dalali, siyo?"

Njia ilikuwa imefunguliwa, tena pana. Ilibaki Chiriku aseme "ndiyo" tu, awe shujaa. Shangazi alikuwa tayari amenyoosha mkono ampongeze. Chiriku alifungua mdomo. Akamwona Baba, matope yakimkauka kwenye nyusi, akimwamini.

"Hapana, Baba," alisema. "Nilitaka nyeupe ikwame. Nilishasema shuleni tunanunua fowili. Niliona haya kuonekana mwongo, ndiyo nikamwaga maji. Nilikuwa nasubiri mnunue hiyo nyekundu."

Kicheko cha Baba kiliisha kama maji ya tangi, ambalo lilikuwa tupu pia.

"Ungetufukuzisha kwa mwoka mikate," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya maneno ya uwanjani."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Mama alimshika bega. "Leo bahati imetusaidia, lakini bahati si akili, na kesho haiji," alisema. "Yule alificha chuma kilichokosekana, wewe ulimwaga matope yasiyokuwepo. Mlikuwa mnafanya kazi moja, kutufanya tuchague tukiwa vipofu. Mtu akitaka kuchagua vizuri anahitaji ukweli kwanza, mwanangu, gari baadaye. Kusema kweli umesema, na nimeona kwamba kulikuwa kugumu. Sasa chukua ndoo. Kuku wana kiu."

Chiriku alibeba maji kutoka bombani mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na neno la kuwaambia kuku.

Jumatatu, pikapu nyeupe ilifikisha mayai mjini. Mwoka mikate alifunua trei moja baada ya nyingine, akatafuta ufa, akakosa, akaagiza mengine. Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakuna aliyekula yai nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu hiyohiyo Chiriku alisimama mbele ya darasa, akawaambia wenzake kwamba gari lao ni la kawaida na kwamba alisema uongo. Baadhi walicheka, kisha wakachoka kucheka. Baada ya masomo Kiroboto alimkabidhi mkoba. Chiriku aliutupia mgongoni, akayumba.

"Umeweka nini humu?"

"Mawe mawili," Kiroboto alisema. "Uzito ukikaa nyuma, huwezi kuteleza. Shangazi yako ndiye aliyesema."