Nani Anamfulia Boniface?

"Hii kola ina mwanamke nyuma yake."

Blandina aliliinua shati jeupe hadi kwenye mwanga wa dirisha la saluni, akaigeuza kola ndani nje, akainusa, kisha akamtazama shoga yake kwa macho ya mtu aliyeleta habari za msiba.

Devota alikuwa anamsuka mteja. Vidole vikasimama katikati ya rasta.

"Ni shati tu, Blandina."

"Ni shati la mtu anayeshinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Vumbi, pumba, grisi. Halafu kola nyeupe hivi, haina hata ule mstari wa jasho. Na hiki kifungo kimeshonwa upya, ona, kwa uzi wa rangi ileile. Mwanaume gani anajua habari za uzi wa rangi ileile?"

Devota akarudi kwenye rasta. Shati lilikuwa la mchumba wake, Boniface, aliyelisahau alipokuja Iringa kumtembelea. Tangu waanze uchumba, kila alipofika pale mtaani Kihesa alionekana kama katolewa dukani asubuhi hiyo. Devota alikuwa akijisifia usafi wa mchumba wake kwa wateja. Hakuwahi kujiuliza usafi huo unatoka mikononi mwa nani.

Yeye mwenyewe nguo hazikuwa na maisha marefu kwake. Alizifua zote pamoja kwa maji ya moto, akazimwagia sabuni ya unga kama anayepanda ulezi, akazikamua hadi zikalia, akazitupa juani. Gauni lake jeusi lilikuwa la kijivu kabla ya Pasaka. Sweta la sufu aliloletewa na dada yake lilifuliwa mara moja tu, likatoka saizi ya mtoto wa chekechea.

Mteja alipoondoka, akachukua simu.

"Mpenzi, nani anakufulia nguo?"

Tiki mbili zikawa za bluu. Yakatokea maneno "anaandika", yakapotea, yakatokea tena. Mtu anayetaka kuandika jina moja hachukui muda wote huo.

"Minza."

"Minza ni nani?"

"Binamu yangu. Mtoto wa baba mdogo. Anakaa hapahapa Rujewa."

Devota akashusha pumzi. Blandina hakushusha. Alisema binamu ni neno pana, na kwamba mtu mwenye akili huuliza mara mbili, tena kwa mtu mwingine. Basi Devota akampigia Mama Helena, mama yake Boniface, kumjulia hali. Wakaongea mvua, wakaongea mpunga, wakaongea magoti ya mama yanayouma. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka tu, akauliza habari za Minza.

Mama Helena alifurahi kuulizwa. "Minza yuko Chunya kwa mume wake, mwanangu. Aliolewa mwaka juzi. Ana mtoto, sasa anatembea."

Jumamosi asubuhi Devota alifunga saluni akapanda basi la Mbeya. Blandina alikuwa amemwelekeza avae raba na asivae hereni, kwa sababu hereni huvutwa. Hadi Mafinga alikuwa analia. Makambako machozi yakakauka, ikaja hasira, na hasira ilikuwa nafuu kwa safari. Wazee wa Boniface walikuwa wanajiandaa kuja Kihesa kutoa posa. Baba yake, Mzee Nkuba, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alishachagua hata watu wa kuongozana nao. Ndugu wa Devota nao walikuwa wamekwishaambiwa. Aibu ingeenea mtaa mzima.

Simu ikatetemeka. Blandina. "Umefika? Ana rangi gani?"

Boniface alipanga chumba na sebule jirani na mashine. Barazani alikuwepo mama mmoja akichagua mawe kwenye mchele. Devota akamsalimia, akauliza kama Boniface yupo.

"Yupo ndani," yule mama akasema. "Jumamosi huwa anajifungia mpaka mchana. Hata ukigonga hafungui."

Devota akamshukuru, akasogea mlangoni. Pazia lilikuwa limeshushwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Akaweka sikio. Kwanza akasikia maji. Kisha akasikia sauti ya Boniface, ile laini, ambayo siku zote aliamini ni yake peke yake.

"Tulia, mrembo. Maji hayana moto, nimeyapima kwa kiwiko. Hapa pana uchafu kidogo, ngoja nipasugue polepole. Basi. Huoni sasa unavyopendeza?"

Devota akatoa sikio mlangoni. Akaegemea ukuta, akapiga simu. Ikaita mle ndani, maji yakanyamaza, na mchumba wake akapokea.

"Halo, mpenzi." Devota aliisikia mara mbili, kwenye simu na kwenye mbao za mlango.

"Uko wapi, Boni?"

"Niko mashineni. Leo wakulima ni wengi mno, hata kusikilizana ni shida."

"Mbona kimya?"

Boniface akafikiri. "Umeme umekatika."

"Basi fungua mlango, maana na mimi niko mashineni."

Kitu kikaanguka ndani. Kikaburuzwa kitu kingine. Komeo likatoka, na Boniface akasimama mlangoni kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, povu hadi kwenye viwiko.

Devota akampita bila salamu. Akatazama nyuma ya mlango, akatazama nyuma ya kochi, akafungua kabati. Mashati yalining'inia yakitazama upande mmoja, kila moja limefungwa kifungo cha juu ili kola isilale. Masweta yalikunjwa, hayakutundikwa. Viatu vilijazwa magazeti visipoteze umbo. Kwenye kona palikuwa na kifuko cha karafuu cha kufukuza nondo. Mwanamke hakuwemo. Akainama chini ya kitanda, akavuta beseni. Ndani mlikuwa na sweta jekundu la kike.

"Mwenye sweta hili yuko wapi?"

"Ni wewe," Boniface akasema.

Alilinunua mnadani, kwenye mitumba, kwa ajili ya baridi ya Iringa. Alitaka alilete siku ya posa. Lilikuwa sufu safi ila linanuka lile robota la mitumba, ndiyo maana alikuwa analifua.

"Na ulikuwa unaongea na nani?"

Boniface akatazama miguu yake. "Na sweta."

Akaeleza, mwanzo kwa kusitasita. Alikua akichunga ng'ombe, na baba yake aliwafundisha kuwa ng'ombe asiyeongeleshwa hatoi maziwa. Mazoea yale hayakumtoka. Kufua alijifunza Mbeya, mama yake alipolazwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekaa naye, na nguo za mgonjwa hazisubiri. Pale kwenye mabomba ya hospitali akina mama waliokuja kuuguza walimwonea huruma, wakamfundisha. Kola hupakwa sabuni ya mche kwanza, ndipo shati lilowekwe. Nguo nyeusi hugeuzwa ndani nje, huanikwa kivulini. Sufu haikamuliwi kamwe, huviringishwa ndani ya taulo, ikalazwa ikauke. Mama alipona, wakarudi Usangu, na Boniface akagundua kwamba kufua kunamtuliza moyo kuliko kitu kingine chochote baada ya kelele za mashine. Lakini kwa Mzee Nkuba mwanaume kukaa kwenye beseni ilikuwa aibu ya ukoo. Ndipo akaanza kusema Minza anamfulia. Minza alipoolewa, baba hakuuliza tena, naye hakupata jina jingine.

"Kwa hiyo umenidanganya kwa sababu unafua?"

"Nilijua utanicheka."

Na kweli Devota alicheka. Alicheka hadi akakaa kitandani, akashika mbavu, machozi ya safari nzima yakatoka kwa njia nyingine. Boniface akaanza kutabasamu.

Nje pikipiki ikazima. "Hodi," ikaita sauti nzito.

Tabasamu likafa. "Baba," Boniface akanong'ona. "Devota, nakuomba. Kaa wewe kwenye beseni."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Mzee Nkuba alipoingia na kidumu chake cha maziwa, alimkuta mwanawe amevaa shati na amesimama kama mgeni, na mkwe mtarajiwa amechuchumaa mbele ya beseni. Devota akapiga goti, akamwamkia. Mzee akaitikia kwa furaha, akavuta kiti, akakaa kutazama.

"Sasa hapo nyumba ina mtu," akasema.

Devota akafua kama anavyojua yeye. Akalishika sweta ncha mbili, akalisokota. Akainua macho, akaona uso wa Boniface, uso wa mtu anayetazama ndama akichinjwa. Pengine angeacha. Lakini akakumbuka yale machozi ya barabarani, akakumbuka "umeme umekatika", akalisokota tena, kwa nguvu zaidi. Mzee Nkuba akasifu mikono yake, kwamba huyu hata kukama ataweza.

"Usilikamue," Boniface akasema taratibu.

Mzee akageuka. "Unasemaje?"

Boniface akachuchumaa, akalitoa sweta mikononi mwa Devota, akalilaza juu ya taulo, akalinyoosha bega moja baada ya jingine, akaliviringisha. Hakuinuka hadi alipomaliza.

"Huyu hajui kufua, baba. Anayefua humu ni mimi. Hata nguo za mama kule Mbeya nilifua mimi. Minza hajawahi kugusa shati langu."

Mzee Nkuba alimtazama mwanawe, akalitazama taulo, akamtazama Devota kama anayesubiri akanushe.

"Ni kweli, baba," Devota akasema. "Mimi nguo zinanishinda."

Mzee akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Kidumu cha maziwa kilibaki sakafuni.

Devota alirudi Iringa jioni ileile. Blandina aliposikia mwanamke mwenyewe ni sweta, alidai arudishiwe habari tangu mwanzo, polepole. Lakini Devota hakuwa na hamu ya kucheka tena. Alikuwa amekwenda kuvunja uchumba, na sasa alikuwa anaogopa usivunjike. Tena alijua kuwa ule msokoto wa pili aliusokota makusudi.

Ujumbe wa Boniface ukaja: "Baba hapokei simu. Mambo ya posa hakuna anayeyataja."

Akamjibu: "Mimi nakutaka na beseni lako. Na unisamehe kwa sweta."

"Sweta liko salama. Limerefuka mkono mmoja tu."

Siku chache baadaye ikaja simu ya Mama Helena, naye alikuwa anazuia kicheko. Alisema mzee alifungua sanduku kutoa koti lake la suti, lile la shughuli kubwa, akalikuta limeota ukungu mgongoni na lina doa la samli kifuani. Alikaa nalo mapajani muda mrefu. Hatimaye akamletea mkewe alifue.

"Nikamwambia magoti yangu hayakai chini siku hizi," Mama Helena akasema. "Nikamwambia fundi yuko Rujewa, anamjua."

Mzee Nkuba alinuna, akakataa chakula, kisha akalitia koti kwenye kiroba, akapanda bodaboda. Boniface alipofungua mlango, baba yake hakumsalimu wala hakuingia. Alimnyooshea kiroba.

"Naenda kwa watu," akasema. "Siwezi kwenda hivi."

Boniface alilipiga koti brashi uani ili ukungu usiruke ndani, akalipangusa kwa siki, akalitundika kivulini lipate upepo. Kwenye doa alinyunyiza unga wa muhogo, akauacha unywe mafuta, akaukung'uta, akarudia. Pasi aliipitisha juu ya kitambaa chenye unyevu, haikugusa koti lenyewe. Mzee alikaa kwenye kigoda asubuhi nzima akitazama. Doa lilipotoweka, ndipo akauliza kwa nini unga wa muhogo, kwa nini si maji. Baada ya hapo hakuacha kuuliza.

Siku ya posa sebule ya kina Devota pale Kihesa ilijaa. Msemaji wa upande wa mwanamke alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Clement, mtu wa maneno, aliyevaa shati jeupe la kanisani. Devota alikuwa jikoni na Blandina, mlango wameuacha wazi kidogo wasipitwe na neno. Salamu zilipokwisha, Mzee Clement akalisifu koti la mgeni, akauliza kama ni jipya.

"Lina umri mkubwa kuliko kijana huyu," Mzee Nkuba akajibu. "Ni yeye amelisafisha."

"Nani?"

"Mwanangu. Boniface anafua. Anafua kuliko mama yake."

Jikoni Devota akamshika Blandina mkono. Sebuleni wazee wa Kihehe wakatazamana. Boniface aliinamisha kichwa kama anayesubiri hukumu.

Mzee Clement akakuna kidevu. "Basi ng'ombe tulipaswa kuleta sisi," akasema, na kicheko kikapasuka, cha kwanza kabisa kikiwa cha Mzee Nkuba.

Posa ikapokewa, harusi ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga. Chakula kikaletwa. Mzee Clement alikuwa anaeleza ukoo wao kwa kijiko mkononi, na mchuzi wa kuku ukamruka ukatua kifuani, kwenye shati jeupe. Mkewe akakimbilia leso, asugue.

Boniface alikuwa amesimama kabla hajajua kama amesimama. "Mama, samahani, usisugue. Utalipeleka doa ndani."

Watu wote wakamtazama. Mkwe mtarajiwa haongei hivyo siku ya posa.

"Linahitaji nini?" Mzee Clement akauliza.

"Maji ya baridi, baba. Kutokea upande wa ndani. Na sabuni ya mche, sasa hivi, kabla halijakauka."

Mzee Clement akaingia chumbani, akatoka amevaa sweta lake, shati amelikunja mkononi. Devota akaleta beseni uani, akaliweka chini, akasogea pembeni. Boniface akakunja mikono ya shati lake, akachuchumaa mbele ya wakwe zake, na Mzee Nkuba, ndani ya koti lake, akachukua jagi akaanza kummiminia mwanawe maji.