Nambari Aliyoiandika Maren

Kila Ijumaa wakati wa likizo ya kiangazi, Maren Tollefson aliosha vyombo vya kifungua kinywa, akapanda baiskeli yake na kwenda kwa babu yake, nyumba ya nne baada ya kanisa. Babu Leland alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na jeti mbili. Hazikuwa za kupandwa na watu. Zilikuwa ndege za mfano, kila moja na urefu wa kitanda cha mtoto, zenye injini za kweli zilizokunywa mafuta ya taa na kupiga kelele hadi mbwa wa jirani wakajificha chini ya kochi. Ile ya fedha Babu na Maren waliijenga pamoja kwa majira matatu ya baridi. Ile nyekundu aliijenga zamani na marehemu Bibi Solveig, ambaye aliipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Maren alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilijulikana: kuangalia betri ya kipokezi. Kipokezi ni kisanduku kidogo ndani ya ndege kinachopokea amri kutoka kwenye rimoti ya rubani na kuzipeleka kwenye mabawa na mkia. Betri yake ikifa angani, rubani hubaki chini akisukuma vijiti visivyomsikiliza.

"Injini ikizimika, bado nina ndege, nitaitelezesha hadi chini," Babu alipenda kusema. "Kipokezi kikizimika, nina jiwe."

Kwa hiyo, kabla ya kila Jumamosi ya kurusha ndege, betri iliwekwa kwenye mashine. Ilijazwa, ikafanyishwa kazi hadi ikaisha chaji, kisha ikajazwa tena. Mashine ilitoa nambari iliyoonyesha betri inabeba kiasi gani. Mpya ilibeba 2,500. Nambari na tarehe viliandikwa kwenye utepe mweupe uliobandikwa juu ya betri. Ikishuka chini ya 2,000, betri ilistaafishwa na kwenda kuendesha redio ya karakana. Shughuli nzima ilichukua saa saba, na Babu alikuwa na sheria moja: mashine isiachwe peke yake hata dakika moja.

Mwaka ule mvua zilizidi, na msimu ukachelewa kuanza. Ijumaa ya kwanza ya Juni, Babu alikwenda mjini kwa daktari wa meno akamwachia Maren karakana. Maren alikuwa ndiyo kwanza ametoa betri ya jeti ya fedha rafiki yake Linnea alipotokea mlangoni, taulo shingoni.

"We Maren, twende ziwani! Kaka yangu ameshaingiza boti majini."

"Siwezi. Nina kazi ya betri."

"Betri, betri! Kila siku betri. Basi olewa nayo tujue moja."

Maren alicheka, lakini maneno yale yalimchoma. Nje jua lilikuwa limetoka baada ya wiki tatu za matope. Alichukua mita ndogo akaigusisha kwenye nyaya za betri. Ilisoma volti saba, yaani ilikuwa imejaa. Kwenye utepe kulikuwa na nambari ya mwezi Oktoba, 2,310. Betri ilikuwa imekaa rafuni majira yote ya baridi bila kazi, na Maren alijiambia kwamba kitu kisichofanya kazi hakichoki.

Alibandua utepe wa zamani, akabandika mpya. Akaandika tarehe. Kisha akaandika 2,290. Alipunguza ishirini kusudi, ili uongo ufanane na ukweli. Baadaye, katika yote aliyoyafanya, hizo ishirini ndizo zilizomwaibisha zaidi.

Jumamosi uwanja wa klabu ya ndege za mfano ulijaa. Watu walikuwa wamekuja na viti vyao vya kukunja, saladi ya viazi na soseji za kuchoma. Babu alipachika betri ndani ya jeti ya fedha akauliza kama kawaida yake, "Bibi kizee huyu amesoma ngapi?"

"Elfu mbili mia mbili tisini," Maren alijibu, akijifanya anatafuta kofia yake.

"Hongera zake. Mimi mwenyewe sijatoka salama hivyo kwenye baridi."

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Jeti ilipita chini chini juu ya njia ya kurukia, fedha yake ikimeta, na watu wakapiga makofi. Safari ya pili, dakika ya nne, Babu aliishusha tena kwa kasi, kisha akavuta kijiti ili ipande juu kwa ghafla. Mabawa na mkia vikadai nguvu zote kwa mara moja. Jeti ikainua pua kidogo. Kisha injini ikazimika, na kwa kitambo kidogo kukawa kimya kabisa. Ndege ikajilaza ubavu, ikapita juu ya uzio na kujipigiza kwenye shamba la soya.

Wanaume wawili walikimbia na mtungi wa kuzimia moto. Babu hakukimbia. Alibaki amesimama mahali pale pale, bado amevuta kijiti.

"Nilivuta," alisema. "Nina hakika nilivuta. Au nilisukuma?"

Bwana Duane Kubiak ndiye aliyekuwa mkuu wa usalama wa klabu, mtu mpole mwenye sharubu, rafiki wa Babu tangu ujana. Aliyapanga mabaki mezani akayachunguza moja moja, kwani injini huzimika kipokezi kikikosa umeme, au rubani akikosea kijiti. Swichi ilikuwa nzima, nyaya nzima. Betri ilitoka ndani ya sponji yake bila hata mkwaruzo. Akaipima kwa mita.

"Volti sita na nusu. Na utepe huu hapa, jana tu imesoma 2,290. Betri haina kosa." Alivuta sharubu zake. "Leland, ndugu yangu, tuna miaka sabini na minne sasa. Mikono haitii kama zamani. Hata mimi wiki jana nimemwaga kahawa kwenye Biblia ya mke wangu."

Alijaribu kucheka. Kisha akafungua kitabu cha klabu akaandika: *Chanzo: kosa la rubani.* Maren alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mezani. Aliuona utepe, akaona mwandiko wake mwenyewe. Nambari ile ndiyo iliyoitetea betri, na kwa kuitetea betri ikamhukumu babu yake. Alifungua kinywa, lakini watu walikuwa wengi. Akakifunga.

Wiki zilizofuata Babu alibadilika. Karakana ilifungwa. Walipokwenda kula samaki wa kukaanga jioni ya Ijumaa, kama familia zote za pale, alikata samaki wake kwa uangalifu wa mtu anayejipima, kisha akaweka uma chini na kuficha mikono chini ya meza. Maren alimwona. Mara tatu alijiandaa kusema, na mara tatu alijiambia kesho. Mama yake alipomkuta analia jikoni alidhani anaililia ndege.

"Babu anazeeka, mwanangu. Ndivyo ilivyo. Mpe muda atazoea."

Maneno hayo yalimuumiza zaidi ya fimbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi aliyoyaficha Maren yalikuwa yakimuua mtu mwingine.

Jumapili ya nne, alipofika kwa Babu, alikuta gari kubwa limeegeshwa uani. Kijana mmoja mrushaji ndege aitwaye Garrett, aliyetoka mji wa Dubuque, ng'ambo ya mto, alikuwa akiifunga jeti nyekundu kwa mikanda na blanketi huku akiimba.

"Asante sana, mzee. Sijui niseme nini. Nitaitunza kama yai."

"Irushe tu," Babu alimjibu. "Ndege ya ukutani ni picha. Solveig hakupaka rangi picha."

Gari likaondoka. Babu alibaki akiangalia barabara, mikono mifukoni.

"Babu, kwa nini umeitoa?"

"Nilishaiua moja, mjukuu wangu. Hii ya bibi yako sitaki niiue kwa mikono hii."

Hapo Maren hakuweza kuficha tena. Alisema yote kwa mkupuo, bila kupumzika: ziwa, Linnea, mita, 2,310, hizo ishirini alizopunguza. Babu hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alikwenda moja kwa moja kufungua karakana. Betri ilikuwa kwenye sanduku la mabaki. Aliikagua pande zote, akaiunganisha kwenye mashine, akavuta viti viwili.

Walikaa hapo mchana kutwa. Betri ilipoanza kufanyishwa kazi, volti zilishuka haraka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mashine ilipolia, Babu alivaa miwani.

"Mia nane arobaini," alisema.

Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu, upande mmoja kisha wa pili. Ilikuwa imetulia. Machozi yalimtoka, na Maren hakujua kama ni ya furaha au ya hasira. Pengine mzee mwenyewe hakujua.

"Mpigie Garrett simu, Babu! Dubuque si mbali. Mwambie ilikuwa betri, aturudishie."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba zawadi niliyompa naichukua tena? Umemsikia akiimba." Alitikisa kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile ile ungeniambia, ningekuwa nimepoteza ndege moja tu."

Hakumpiga wala hakumfokea. Ila Jumamosi iliyofuata alimpeleka uwanjani, akamsimamisha mbele ya wanachama wote, akasema, "Maren ana neno." Maren alisema yote, hata zile ishirini. Mtu mmoja aliguna. Mwingine alisema, "Kumbe!" Bwana Kubiak alifungua kitabu, akayafuta yale maneno *kosa la rubani* kwa mstari mmoja mnene na kuandika juu yake *betri*.

"Na jina langu naliandika hapa," alisema, akimgeukia Babu. "Niliipima betri ikiwa imelala. Betri iliyolala kila moja ni shujaa. Ipe mzigo ndipo utaijua. Najua hilo miaka arobaini, lakini niliuona utepe nikaamini. Nisamehe, Leland."

"Utanilipa kwa soseji," Babu alijibu, na watu wakacheka. Maren hakucheka.

Julai yote Babu na Maren walichagua betri upya, kwani betri moja yenye swichi moja ilikuwa imewapa funzo la kutosha. Safari hii walitaka mbili, kila moja na swichi yake, ili moja ikichoka ya pili ishike kazi. Waliletewa nne. Maren alizipa zote mzigo mara tatu, akikaa kando ya mashine na kitabu. Moja ilipata joto kupita zenzake, wakairudisha dukani. Nyingine ilikuwa nzuri mara ya kwanza na mbaya mara ya tatu. Mbili zilizobaki zilitoa nambari ile ile kila mara.

"Hizi hazina makuu," Babu alisema. "Leo kama jana. Hizo ndizo ninazozitaka."

Jeti hawakuwa nayo tena. Walizipachika kwenye ndege ya zamani ya kujifunzia, yenye panga la kuzunguka puani na mabawa manene, ambayo hata mtoto angeirusha. Jumamosi ya kwanza ya Agosti Babu aliiinua polepole juu ya shamba la soya. Rubani haondoi macho kwenye ndege yake, kwa hiyo alizungumza na Maren bila kumtazama.

"Unajua ulichokosea?"

"Nilikwenda ziwani, Babu."

"Kwenda ziwani si kosa. Ungeuacha utepe mtupu ukaenda. Ningeuona mtupu, ningejua haijapimwa, ningepumzika Jumamosi moja nikala soseji. Mtu anaweza kuchoka, anaweza kusahau, anaweza hata kuwa mvivu. Hayo tunayamudu. Lakini ukijaza pengo kwa uongo, mwenzako anaukanyaga akidhani ni sakafu. Na uongo ukishautoa, kila siku unayonyamaza unautoa upya."

"Nisamehe, Babu."

"Nilikusamehe siku ile ile ya mashine. Ila nitaikosa ile nyekundu hadi nife, na wewe pia utaikosa. Hilo siwezi kukuondolea."

Ndege ilizunguka kwa upole, ikanyooka, ikashuka. Maren aliangalia vidole vya babu yake juu ya vijiti. Havikutetemeka, wala siku ya ajali havikuwa vimetetemeka. Magurudumu yaligusa nyasi taratibu, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Maren alikimbia kwenda kuichukua ndege, akazima swichi moja, kisha ya pili, huku akilia.