Blanketi la Kaka Danford

"Dorotea, umeanza tena."

"Sijaanza, Gody. Namalizia."

Tulikuwa tumesimama nje ya darasa letu la jioni, Nyasura, mjini Bunda. Wenzetu walikuwa wanatupita wakijifanya hawasikii.

"Kaka hajaoa," akasema. "Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Unajua."

"Mwaka wa sita huu najua. Umeshamwomba akuruhusu?"

"Danford? Yule haongeleshwi mambo hayo."

"Umeshamwomba?"

Akageuka kuangalia bodaboda.

Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti. Nikaanza maombi yangu ya kila siku, Bwana, tufungulie njia, nikashindwa kuyamaliza. Njia naiombea, sijawahi kutia mguu.

Asubuhi nikapanda gari la Kisorya. Danford nilimkuta karibu na kivuko, anashona nyavu.

"Shikamoo, shemeji. Mimi ni Dorotea, mchumba wa Gody."

"Marahaba. Mchumba? Gody hajawahi kuniambia ana mtu."

Nikakaa palepale, juu ya nyavu zake.

"Anasema anakusubiri wewe uoe kwanza."

Akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

"Mimi nilikuwaga nasema huyu mtoto hataki mke. Mimi sioi, dada. Mama anajua, mchungaji anajua. Aniletee blanketi mbele ya wazee, anipite, aoe. Hata baba mdogo alimpita baba yetu hivyohivyo."

"Blanketi tu?"

"Na heshima ya kuniomba."

Akatoa simu, akampigia, akaweka spika.

"Gody, kuna mwanamke amekalia nyavu zangu. Anasema unanisubiri nioe."



"Kaka, niliogopa utaona nakudharau."

"Na huyu uliyemkalisha miaka yote, hukuogopa kitu?"

Nikaisogelea simu.

"Mimi Jumapili nitakuwa kanisani. Usipokuja na kaka yako kuongea na baba yangu, wewe endelea kusubiri. Mimi nimeshasubiri."

Nikaaga. Nikapanda gari la kurudi. Nilikuwa nasali bila maneno, nauogopa mdomo wangu mwenyewe.

Tulipokaribia Bunda, ujumbe wa Gody ukaingia.

"Kaka kaniambia la blanketi. Anapenda rangi gani?"

Nikaandika mahubiri marefu, nikayafuta yote. Nikacheka peke yangu, mama wa siti ya pembeni akanitazama.

"Muulize mwenyewe," nikamjibu. "Anaongeleshwa."