Sauti Kwenye Matete ya Khwai

Nani alimwita Gaone jioni ile? Mpaka leo hakuna ajuaye. Sauti ilikuwa ya Boitshepo, wote waliisikia. Lakini Boitshepo alikuwa pale pale motoni, akisonga ugali wa mtama, midomo imefumbwa.

Boitshepo ndiye aliyemlea Gaone miaka minne kule Serowe, wakati mdogo wake, Sethunya, akifanya kazi Gaborone. Krismasi ilipofika, Sethunya akaja kumchukua mwanawe. Sasa wamekuja mbugani Khwai, pamoja na mama yao mzazi, kumwonyesha mtoto tembo, tembo ambaye Boitshepo ndiye aliyemwahidi. Na mchana, tembo alipotokea, Gaone alirukia mapajani mwa mama yake.

"Umenuna, dada," Sethunya alisema. "Tembo kakuudhi?"

"Tembo hana neno na mtu."

Boitshepo akazidi kusonga. Laiti mtoto angenililia mimi, aliwaza. Hata mara moja.

Vyura wakanyamaza. Ikaja harufu ya fisi...

"Gaone... njoo mgongoni," sauti iliita kutoka kwenye matete.

Mwiko ulimponyoka Boitshepo. Maneno yale yalikuwa yake, ya kila jioni, miaka minne.

Kiti cha mtoto kilikuwa kitupu.

Walimkuta ukingoni mwa matete, amechuchumaa, mikono mbele kama aliyekumbatia shingo. Mwili ulichemka. Nyayo za fisi zilikuja hadi miguuni pake.

Za kurudi hazikuwepo.

"Mama mkubwa alinibeba," Gaone alinong'ona. "Mgongo wake una manyoya."

Mama yao Boitshepo na Sethunya alishuka garini polepole, akamgusa mtoto paji la uso.

"Hapa hakuna mchawi," alisema. "Kuna mkubwa aliyeumia, na maumivu yake yamempata mtoto. Boitshepo, sema."

"Nitasema nini, mama? Alimchukua kama sufuria aliyoniazima."

Sethunya aliinama. "Sikujua, dada. Nisamehe."

Mama yao akaamua kama ilivyoamuliwa siku zote: aliyeumia ndiye atakayemwosha mtoto, kwa kumpulizia maji ya kinywani mwake. Na likizo zote, Gaone atakwenda Serowe.

Sethunya alileta maji kwenye kikombe. Boitshepo akajaza kinywa. Mtoto alimtazama, akanyoosha mikono. "Mama mkubwa," akalia.

Kwenye matete, kitu kilihema.

Ndicho kilio alichokitamani. Boitshepo aliyameza yale maji badala ya kumpulizia.

Mama yao alijaza kikombe tena, akamshikisha. Safari hii Boitshepo alimpulizia mtoto kifuani, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Kama chanzo ni mimi, apone."